Vidonge Viwili vya Nyongeza

Nilijua nina virusi vya homa ya ini siku niliyokwenda kumtolea shemeji damu, wakaikataa. Ndiyo mali yangu ya kwanza kukataliwa bila hata kubonyezwa. Sikucheka sana, maana kaka yangu wa Mikinduri alikuwa amekufa kwa ini, tumbo limejaa maji, macho rangi ya ndizi mbivu. Na mimi ni muuza ndizi katika soko la Gakoromone. Rangi hiyo naijua hatua kwa hatua.

Ndipo watafiti wakaja hospitali yetu. Walikuwa wanalinganisha dawa mbili, ya zamani na mpya, kidonge kimoja kila asubuhi. Nikamuuliza muuguzi, "Sista, yangu ni ipi?"

"Hata mimi sijui, mzee. Ndivyo utafiti ulivyopangwa."

Mimi nikinunua gunia la viazi nachimba hadi chini nione kilichofichwa. Nikamwambia basi anichanganyie nusu kwa nusu. Akanisogezea fomu niweke sahihi.

Chupa ilikuwa na vidonge thelathini. Nilivihesabu mara mbili. Nikaambiwa nirudi na chupa siku ya ishirini na nane. Viwili vilivyobaki nikavielewa mara moja: nyongeza. Sokoni kwetu ukinunua ndizi kumi na mbili unaongezewa moja, na hakuna mwenye akili anayerudisha nyongeza. Nikavitia kwenye mkebe wa majani chai, nikapeleka chupa tupu. Mara ya pili hivyo hivyo, na ya tatu.

Hiyo ya tatu daktari mwenyewe akaniita. "Mzee, siku ishirini na nane, vidonge thelathini. Kuna siku unameza viwili?"

"Kimoja, daktari. Kabla ya chai."

"Basi unamgawia nani? Nisipojua vidonge sita vimeenda wapi, nitakutoa kwa utafiti."

Nikaona macho ya kaka yangu. Nikasema ukweli. "Viko nyumbani. Ni nyongeza yangu. Naviweka kwa ajili ya siku utafiti wenu utakapokwisha."

Sista akageukia dirishani, mabega yakitikisika. Daktari hakucheka. Akanieleza kwamba viwili vile ni vya akiba, nikichelewa kurudi. Na utafiti ukiisha nitahamishiwa kliniki, dawa iendelee.

"Si ungeuliza tu, mzee?"

"Daktari, nyongeza ukiiuliza, inapunguzwa."

Alasiri ile ile nikaleta mkebe. Sista akahesabu: sita. Akarudia: sita. Nikamwomba anipishe nihesabu na mimi, nikiwa upande wake wa meza. Sita, na vumbi la majani chai. Daktari akaandika kwamba nibaki.

Jumamosi sista akaja sokoni. Alinunua ndizi kumi na mbili baada ya kunisumbua vya kutosha juu ya bei, nami nikamwongezea moja. Akaiinua juu, wateja wote wakiangalia.

"Na hii, mzee, niirudishe lini?"

"Baada ya siku ishirini na nane," nikamwambia. "Kama umeila, leta ganda."