Kioo, msafishaji aliyefundishwa na sungura kuacha uchafu kidogo

Ni saa kumi na moja na robo alfajiri. Katika chumba cha mbele cha nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, mwanamke mwenye sare ya bluu amepiga magoti mbele ya beseni pana la plastiki. Amevaa glavu za mpira. Anatoa magazeti yaliyolowa, anayatia kwenye mfuko, anafunga fundo.

Halafu anasita. Anafungua fundo lile lile, anachomoa kipande kimoja cha gazeti lililolowa na vinyesi vitano sita vilivyokauka, anavirudisha ndani ya beseni, juu ya karatasi mpya.

"Usinitazame hivyo," anasema huku akicheka. "Hata mimi roho bado inaniuma."

Sungura wa kijivu, sikio moja limesimama na jingine limelala, anangoja pembeni mpaka mwanamke huyo amalize. Kisha anaruka ndani, anajigeuza, anakaa kwenye kona yake na kuanza kutafuna nyasi kavu zilizowekwa mwisho wa beseni. Anakula huku anajisaidia, yote kwa wakati mmoja, bila haya.

Kazini wanamwita Kioo. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akisafisha jengo la ofisi la ghorofa sita, lenye vyoo arobaini na kimoja, na wenzake wanaapa kwamba sakafu akiipiga deki yeye unaweza kuitumia kuchania nywele. Mtu wa aina hiyo kulala chumba kimoja na kipande cha gazeti chenye mkojo si jambo dogo. Lakini kipande hicho ndicho kilichoiokoa nyumba yake, na kwa maneno yake mwenyewe, ndicho kilichomrudishia baba yake.

Baba yake ni dereva mstaafu wa lori. Aliendesha magari makubwa kwa miaka thelathini na mmoja, na mkewe alipofariki mwaka jana akahamia kwa binti yake akiwa na begi moja na kiti chake cha kukunja. Alikiweka kiti dirishani, akakaa. Alikuwa anakaa hapo tangu asubuhi mpaka jioni.

"Nilikuwa nikimwacha na chai, nikirudi naikuta chai ile ile imepoa," anasema Kioo. "Nikimuuliza, Baba, vipi leo? Anajibu, nzuri. Basi. Mtu aliyekuwa akipiga soga mpaka majirani wanahamia kwetu!"

Miezi minne iliyopita, ofisi moja ya ghorofa ya nne ilihama na kuacha nyuma boksi lililotobolewa matundu. Kioo alidhani ni takataka. Ndani alikuta sungura mdogo anatetemeka, mdogo kiasi cha kuenea kwenye ndoo ya deki. Na ndoo ndiyo iliyomfikisha nyumbani, amefunikwa kitambaa kisafi.

Mzee aliinama akachungulia. Akamtazama binti yake. "Huyu anakula nini?"

Kioo anasimulia hapo machozi yakimlengalenga. "Lilikuwa swali la kwanza kuniuliza tangu tumzike mama. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, sikujua nianze na lipi."

Jibu la swali lenyewe walilipata kwa taabu. Mzee alimpa karoti nzima, kisha kabichi, kisha karoti nyingine kwa kuwa ya kwanza iliisha haraka. Kesho yake asubuhi tumbo la mnyama lilikuwa limeharibika vibaya, na mzee, ambaye kwa miezi hakuwa ametoka nje ya mlango, alivaa viatu akambeba mpaka kwa daktari wa mifugo.

Daktari aliwaambia sungura yule alikuwa na umri wa wiki nane hivi, na kwamba chakula chake kikuu ni nyasi kavu, zisipungue mchana wala usiku. Maji safi kila siku. Konzi moja ya vidonge vya chakula vya dukani. Majani mabichi yasubiri tumbo litulie, kisha aanzishiwe aina moja moja, kidogo kidogo, na karoti iwe ya kuonja tu.

"Nikaelewa mara moja," anasema mzee, sauti yake nzito imejaa chumba. "Injini mpya huipakii tani thelathini siku ya kwanza ukaipandisha mlima. Daktari alicheka, lakini si kweli?"

Tumbo lilipona. Tatizo likahamia sakafuni. Sungura alijisaidia nyuma ya mlango, chini ya kiti, kwenye zulia na, siku mbili mfululizo, ndani ya kiatu cha mzee. "Huyu hana breki," mzee akasema, na hivyo ndivyo sungura alivyopata jina. Anaitwa Breki mpaka leo.

Siku moja Breki alichoropoka mpaka kwenye ngazi, akaacha alama zake mbele ya mlango wa mwenye nyumba, mama mmoja anayeishi chini na ambaye pua yake inajua kila mpangaji amepika nini. Alipanda ngazi zote kwa hasira.

"Nawapa wiki nne," alisema. "Nikija hapa nikasikia harufu, au nikakanyaga kitu, huyo anaondoka siku hiyo hiyo. Sitaki maelezo."

Kioo alimtazama baba yake. Mzee alirudi kukaa kwenye kiti chake cha dirishani. "Nikajua Breki akiondoka, na Baba ameondoka," anasema Kioo. "Mwili ungebaki pale kwenye kiti, basi."

Akaingia kazini kama anavyojua yeye. Alinunua beseni, akatandika magazeti, akaliweka kwenye kona. Kila Breki alipofanikiwa kujisaidia mle, Kioo alimsifu, kisha akalikimbiza beseni bafuni, akalisugua kwa sabuni ya unga, akalimwagia dawa ya kung'arishia na kulisuuza mara mbili. Beseni lilimetameta.

"Nilitaka akute choo kisafi afurahi. Mimi mwenyewe nikikuta choo kichafu sikanyagi!"

Wiki mbili zikapita. Kadiri alivyosugua, ndivyo Breki alivyozidi kuchafua nje ya beseni. Kioo akaongeza dawa.

Asilolijua ni kwamba mzee alikuwa amefungua begi lake na kutoa kitabu chake cha safari, kile cha jalada gumu alichokuwa akiandikia saa za kuondoka na kufika enzi za lori. Kilikuwa na kurasa tupu. Kila siku binti akiwa kazini, na jioni akiwa jikoni, alikaa na kalamu na kumwandika Breki. *Saa mbili na dakika kumi, beseni. Saa nne kasoro robo, beseni. Saa kumi, nyuma ya mlango. Saa kumi na moja, zulia.*

Jumatano moja Kioo aliporudi, mzee alimwambia, "Kaa hapa, mwanangu. Soma."

Kioo akasoma, hakuona kitu.

"Angalia saa," mzee akasema. "Hizi asubuhi ambazo umetoka mbio hukuosha, anaingia mle mle mpaka saa tisa. Ukirudi ukaosha tu, anapotea. Huyu anatafuta njia kwa pua. Wewe kila jioni unang'oa kibao cha barabarani, halafu unamlaumu dereva."

"Nilinuna," Kioo anakiri. "Miaka kumi na tisa ya kazi, naambiwa kosa langu ni usafi! Na anayeniambia ni mtu asiyejua sabuni inawekwa wapi."

Alimpigia simu daktari ili amshitaki baba yake. Daktari akasema mzee yuko sahihi. Waache alama kidogo mle ndani, waweke nyasi mwisho wa beseni kwa sababu sungura hupenda kujisaidia huku anakula, na sehemu nyingine zote alizochafua wazipanguse kwa siki na maji mpaka harufu iishe kabisa. Wamzuilie kwanza kwenye kona, kisha wampanulie eneo polepole.

Kugawana kazi hakukuwa na mjadala. Binti alishika siki, mzee akashika mafunzo. Alimwongoza Breki kama utingo anavyoongoza lori kurudi nyuma, mkono mmoja hewani: "Rudi, rudi, kata kulia, rudi... simama!" Kama mnyama alielewa au la, hakuna ajuaye. Lakini kitabu kinaonyesha siku ya kwanza alifika kwenye beseni mara kumi na moja kati ya kumi na nne. Siku ya sita, zote.

Kisha wiki nne zikaisha, ikafika Jumapili ya ukaguzi wa mwenye nyumba, na hapo ndipo Kioo aliposhikwa na jaribu kubwa kuliko yote. Mgeni anakuja, mgeni mwenye pua ile, na ndani ya nyumba kuna karatasi chafu! Saa tatu na nusu alikuwa amekwisha kulishika beseni kwa mikono miwili.

Mzee akasimama mbele ya mlango wa bafu. "Leo hugusi."

"Baba, atanusa!"

"Hugusi, nimesema."

Kioo akaliweka chini. Alikaa akikalia mikono yake ili isimponyoke.

Saa nne kamili mwenye nyumba aliingia. Alisimama katikati ya chumba, akavuta pumzi ndefu. Akavuta tena. Akainua pindo la zulia, akachungulia chini ya kiti. Akakaa. Hapo Breki akatoka nyuma ya pazia na kuelekea moja kwa moja kwenye kiatu cha mgeni.

"Nikakumbuka kiatu cha Baba," anasema Kioo.

Breki alinusa kiatu. Mzee akainua mkono taratibu. "Rudi," akanong'ona. "Kata kulia." Breki akageuka, akavuka zulia lote, akaruka ndani ya beseni, akajipanga kwenye kona yake, akavuta unyasi mmoja na kufanya yaliyompeleka, mbele ya watu watatu.

Mwenye nyumba ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga yake. "Mzee," akasema, "wajukuu zangu hawajafika hapo. Nikuletee?"

Breki alibaki. Mpangaji wa ghorofa ya pili, aliyekuwa akimficha sungura wake jikoni, alipanda kuomba ushauri wiki iliyofuata. Baada yake daktari naye akaanza kuwaelekeza watu kwa mzee. Hadi sasa wanyama saba wamepita mikononi mwake, na wote saba wamehitimu.

Mwezi ujao Breki atafikisha umri wa kuhasiwa, jambo ambalo daktari anasema litamtuliza zaidi. Akipona, Kioo anataka kumtafutia mwenzake, kwa kuwa sungura hapendi upweke. Mwenye nyumba amekwisha kukubali, kwa sharti kwamba aitwe kushuhudia mafunzo.

Saa kumi na moja na nusu. Kioo anavua glavu, ananawa, anachukua mkoba. Mzee amekwisha kuamka, chai yake ameinywa yote, kitabu kiko magotini. Kurasa za zamani zimejaa, kwa hiyo amenunua kingine. Kioo anakifungua kidogo kabla ya kutoka na kutuonyesha: mzee amekipigia mistari kwa rula na kuandika tarehe, siku baada ya siku, mpaka mwisho wa mwaka ujao.

"Nenda kazini, utachelewa," baba yake anamwambia. "Hapa nipo mimi."