Mama Verdiane na Dosie Kumi na Saba

Mama Verdiane ana miaka kumi na miwili katika kazi ya kusikiliza matatizo ya watu hapa Nyabiondo, na kwa kutunza siri sijamjua wa kumshinda. Hata mume wake haambiwi kitu. Sheria za mkutano wetu wa Jumatatu alizibandika ukutani kwa mkono wake: hakuna kutaja jina, namba ya dosie tu, yaani ya faili lake, na linalosemwa humu linabaki humu.

Ndiyo maana siri ya dosie kumi na saba ilipotoka nje, aliwaka moto.

Dosie hiyo ilikuwa ya Nishimwe, mama wa watoto watatu aliyekuwa akipigwa na mumewe. Alipanga kutoroka na watoto aende kwa dada yake anayeishi kijiji cha Ntoto. Tulizungumza jambo hilo Jumatatu, sisi wasikilizaji wanne tu. Ijumaa mume akawachukua watoto, akawapeleka kwa ndugu zake kijijini Kalembe.

Tangu hapo mkutano ukawa kesi. Verdiane alifunika daftari lake kwa kiganja na kutukagua mmoja mmoja. Mimi nilikohoa tu, akaniuliza nina nini. Lakini zaidi alimkodolea macho mwenzetu Darius, kwa sababu Darius ni mcheshi, ana pikipiki, na njia nzima inamjua.

"Papa Darius," alimwambia mbele yetu, "kinywa yako haina mulango. Dosie zangu usiziguse tena."

Darius aliinuka. Alitoka akapangusa pikipiki ambayo tayari ilikuwa safi. Nami, naona aibu kusema, nilianza kumshuku. Nikimwona amesimama na watu sokoni, nilipunguza mwendo nisikie wanasema nini.

Wiki ya pili Nishimwe akaja ofisini mwenyewe. Verdiane alimvutia kiti. Hakukaa.

"Mama, ni weye njo ulisema."

"Mie? Nishimwe!"

"Mama mukwe yangu iko mu kikundi yenu ya maombi. Alikusikia, akaambia bwana yangu. Uliomba Mungu achunge mama mwenye watoto watatu, mwenye anataka kukimbilia kwa dada yake Ntoto."

Verdiane alishika ukingo wa meza. "Lakini sikutaja jina."

"Mu kilima yetu, mwenye iko na dada Ntoto ni nani ingine?"

Najua Verdiane aliomba kwa moyo wake wote, pengine kwa machozi. Hasira yangu haikupungua hata kidogo, maana watoto walikuwa bado Kalembe.

"Nataka muntu ingine anisikilize," Nishimwe alisema. "Ule papa wa pikipiki. Mwaka muzima tunakutana mu njia, anasalimia wote, na mie ananisalimia kama vile hajapata kuniona hapa."

Verdiane alimwangalia, kisha akaangalia karatasi yake ya sheria ukutani. Halafu akatoka uani kumwita Darius.