Kompilateri ya Frigo ya Kabambare

Mwanangu, mimi niliwahi kuamini kwa moyo mzima kwamba ukiingiza kompilateri kubwa, ile programu inayogeuza maandishi ya programu nyingine kuwa amri za mashine, katika mashine ndogo, kumbukumbu ya mashine inavimba yenyewe kama maharage ndani ya maji. Fundi mmoja wa simu pale Kasongo aliniapia kwamba ameona kikokotoo cha dukani kikigeuka ordinateri, kompyuta kamili. Nikaitikia! Mimi, mwenye cheti cha shule ya jioni kilichovishwa plastiki! Nikikumbuka, mpaka leo najichukia.

Siku ninayokusimulia nilikuwa Kabambare, kwenye kituo cha afya, mbele ya frigo, jokofu la kutunzia chanjo. Kadi yake ndogo, kibao cha umeme cha kupima joto, ilikuwa ikipiga kelele wakati chanjo zimeshaharibika. Mama Sifa, muuguzi mkuu, alitaka ilie mapema. Maandishi ya programu tulikuwa nayo, lakini kompilateri yake ilikuwa imepotea, na kiwanda kilishafungwa. Kwa hiyo ilibidi nichague nyingine inayokubali kurekebishwa, niifundishe kuandikia kadi ile.

Nilipata mbili. Ya kwanza ilikuwa na orodha ya mashine inazoweza kuziandikia, orodha ndefu kutoka hapa mpaka Nyangwe. Ya pili ilitaja mashine sita tu, na sehemu yake ya kurekebisha ili ikubali mashine mpya ungeweza kuinakili katika daftari moja la shule. Nikaicheka. Nikasema ni ya watoto! Nikachukua ile kubwa.

Miezi mitatu, mwanangu. Kompilateri ile ilidhani kila mashine ina rejista kumi na sita, yaani visanduku vya kushikia namba wakati wa kazi. Kadi yetu ilikuwa na mbili. Nikaziiga nyingine ndani ya kumbukumbu, na programu ikatoka kubwa mara nne kuliko nafasi yote iliyokuwepo. Nami nilikaa nangoja nafasi ivimbe!

Mama Sifa akaja. "Papa Salumu, chanjo zinafika juma lijalo. Iko tayari?"

"Mama, hii kompilateri ni tembo!"

"Sikukuomba tembo. Nilikuomba frigo ilie."

Haikulia. Pikipiki ilileta chanjo, Mama Sifa akakataa kuziweka mahali asipopaamini, zikarudishwa zilikotoka. Akina mama waliotembea tangu alfajiri wakaambiwa warudi nyumbani. Mmoja alinitazama, mtoto mgongoni, akauliza: "Ni huyu ndiye fundi?" Afadhali angenipiga kofi.

Nilirudi Kasongo nimefura, namlaumu kila mtu: kiwanda, fundi wa simu, hata barabara. Mwalimu Feza, aliyenifundisha shule ya jioni, aliniacha niseme mpaka nikakauka koo.

"Umemaliza?" akauliza. "Ile sehemu inayoijua mashine, uliisoma kabla ya kuchagua?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi ulichagua orodha, si kompilateri. Salumu, kompilateri haiongezi kumbukumbu hata chembe. Mashine iko vile iko. Kazi ya kompilateri ni kuandika kile ambacho mashine inaweza."

Ni hayo tu. Nilichukua ile ndogo, nikaisoma siku mbili, nikakuta mashine moja kati ya zile sita ina rejista mbili kama kadi yetu, nikaandika upya sehemu yake kwa siku tisa. Nikarudi nayo Kabambare, na frigo ikalia mapema, kwa sauti ya kuamsha hata mji wa Salamabila, mbali kule.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayeniletea kompilateri yenye orodha ndefu huku macho yanang'aa. Anza na mashine: ina rejista ngapi, ina nafasi kiasi gani. Tafuta katika orodha ya kompilateri hata mashine moja inayofanana na yako. Kama haipo, orodha hiyo ni ya watu wengine. Soma yote utakayolazimika kuandika upya, tena kabla hujamwahidi mtu. Ukiona umekosea, sema mapema, usingoje siku ya watu kufika. Mungu akupe macho ya kusoma na ujasiri wa kuacha kikubwa kisichokufaa, na mama atakayefika kwako na mtoto mgongoni asirudi kama alivyokuja.