Askari Alikuwa Akimtikisia Nani Mkia?

Ukungu wa kwetu Maretadu una harufu, na anayebisha hajawahi kuamka kule mwezi wa saba. Unanuka moshi wa kuni mbichi, zizi la ng'ombe na mabua ya mahindi yaliyobaki shambani, na kwangu mimi, tangu nilipokuwa na miaka tisa, unanuka pia mtoto wa mbwa aliyeloa. Ulikuwa ukishuka saa kumi alasiri. Unaanza juu kilimani, unakuja taratibu kama mtu asiye na haraka, na ukishafika kwenye zizi hata mlango wa jikoni huuoni. Mwaka ninaousema, fisi walikuwa wametuzoea mno. Mbwa wetu mzee alikuwa amekufa, na ndani ya mwezi mmoja tukapoteza mbuzi wawili. Baba akasema tukiendelea hivi tutabaki kuchunga kamba tupu.

Katika siku hizo hizo ikaja habari kwamba kaka yake Bibi, aliyekuwa akikaa mbali kule Gehandu, amefariki. Bibi, mama yake Baba, tuliishi naye nyumba moja, lakini miguu yake ilikuwa imeshakataa safari, kwa hiyo Baba alikwenda kuzika peke yake. Huko msibani akaona jike la mbwa lina watoto, akaahidiwa mmoja. Wiki chache baadaye alirudi kumaliza matanga, na safari hiyo akanichukua na mimi. Yule babu sikuwahi kumwona akiwa hai, wala picha yake. Mjane wake ndiye aliyetuchagulia mbwa, dume dogo la rangi ya majivu, akasema huyu ndiye ambaye marehemu alikuwa akiketi naye kila alasiri, mbwa amelaza kidevu juu ya mguu wake. Nilimpokea kwa mikono miwili na nikampenda hapo hapo, bila hata kufikiri.

Bibi alikuwa amenipa amri moja kabla hatujaondoka nyumbani. Nimfunike mbwa macho kwa kanga yake njia nzima, maana mbwa akiiona njia ataifuata kurudi alikotoka. Ndivyo walivyofanya kwao tangu zamani, na mimi nilijivunia kazi hiyo kuliko kazi yoyote niliyowahi kutumwa. Kwenye lori la mizigo nilimshikilia mpaka mikono ikafa ganzi. Tuliposhushwa ikabaki kupanda kilima cha mwisho kwa miguu. Baba alitangulia na gunia la magadi ya ng'ombe begani, ukungu ukammeza, nikabaki nasikia viatu vyake tu. Mbwa akaanza kuhema vibaya ndani ya kanga. Jamani, ningefanya nini? Nikamfunua.

Alipepesa macho, kisha akaanza kutikisa mkia, si mkia tu, mwili mzima. Nikageuka nione anachokifurahia. Hatua tatu kutoka nilipokuwa, juu ya jiwe la kando ya njia, alikuwa ameketi mzee aliyejifunika blanketi la buluu lenye mistari ya njano. Miguuni alivaa mabuti ya mvua, moja jeusi na jingine jeupe. Alikuwa anamtazama mbwa, si mimi. Sasa, kwetu mtoto hampiti mtu mzima bila shikamoo. Hata kama mtu huyo amelewa, hata kama umejitwisha ndoo ya maji, unasimama na unasalimia, na usipofanya hivyo habari itakutangulia nyumbani. Lakini mimi niliwaza jambo moja tu, kwamba mzee huyu ameniona nikimfunua mbwa na atamwambia Baba. Nikamfunika mbwa haraka, nikainamisha uso, nikampita mzee kimya. Nyuma yangu hakukohoa wala hakuniita.

Nyumbani Baba akampa mbwa jina la Askari. Tulimwekea boksi karibu na mafiga, ndani yake sweta langu kuukuu, na kwa siku mbili za kwanza alikuwa mbwa kama mbwa wengine. Alikojolea kigoda cha Bibi, akaiba kiatu cha Baba, akanifuata hadi chooni. Siku ya tatu ukungu ulipofika kwenye zizi, Askari aliacha maziwa yake katikati, akaenda kusimama penye uwazi wa boma, akatazama njia na kuanza kutikisa mkia. Njiani hapakuwa na mtu. Kisha kichwa chake kikageuka polepole, kama anamwangalia mtu anayekatiza uani, mpaka kwenye jiwe la kunolea mapanga. Akalifuata, akajilaza mbele yake. Nilisogea kumchukua, na hapo nikaona kitu ambacho hadi leo nikikisimulia mikono yangu inasisimka. Kidevu chake hakikugusa ardhi. Kilikuwa kimelala juu ya hewa, upana wa kiganja kutoka chini, na macho ameyafumba kwa raha.

Ikawa hivyo kila siku, saa ile ile. Kuku waliacha kupita karibu na lile jiwe. Baba hakuyaona yote hayo kwa sababu saa kumi alikuwa shambani, ila aliona kwamba mbwa wake habweki. Wageni wanaingia, Askari kimya. Asubuhi moja tukakuta nyayo za fisi hadi mlangoni pa banda la mbuzi, na Askari amekaa tu anatikisa mkia. "Mbwa gani huyu anayekaribisha kila mtu?" Baba alifoka. Akasema Jumamosi atakwenda naye mnadani ampe yeyote atakayemtaka, na asiyetakiwa na mtu anajulikana mwisho wake. Nilijua kosa ni langu. Nilikuwa nimemwonyesha njia.

Ijumaa nilishindwa. Bibi alikuwa jikoni anachambua maharage, nikajitupa miguuni pake na kulia, nikamwambia kwamba kule kilimani nilimfunua mbwa. Hakunikaripia. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo, akauliza niliona nini nilipomfunua. Nikamwambia habari za mzee.

"Ulimsalimia?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Alivaa nini miguuni?"

Nilipomwambia, mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Lile jeusi la pili liliungua motoni," akasema kwa sauti ndogo. "Akaokota jeupe. Tulimcheka kaka yangu, tulimcheka sana!" Akajifuta macho kwa upindo wa kanga, kisha akanitazama kwa ukali ambao sikuwa nimewahi kuuona. "Wewe unadhani amemfuata mbwa? Mtu mzima ametoka Gehandu kote huko, amekaa njiani, mjukuu wake anampita kama anapita kisiki. Unataka aende wapi kabla hajasalimiwa?"

Ukungu ulikuwa umeshafika. Tulimwona Askari akienda kwenye uwazi wa boma, akitikisa mkia, akirudi taratibu hadi kwenye jiwe na kujilaza. Bibi alinishika mkono, akanivuta mpaka mbele ya lile jiwe.

"Shikamoo, Babu," nikasema.

Bibi naye akapiga goti, kwa tabu, akamwamkia kaka yake, kisha akaongea naye kwa Kiiraqw maneno mengi ya chini chini ambayo sikuyashika yote. Alipomaliza, kidevu cha Askari kilishuka ghafla kikagonga ardhi, kama mguu umeondolewa. Akaruka, akatazama njia, akatikisa mkia mara mbili, halafu akabweka. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na alishtuka mwenyewe. Jioni ile Baba alizuiwa kuingia kwenye boma lake, akatukanwa kwa Kimbwa mpaka akacheka, na habari za mnada zikaishia hapo. Askari alitulindia mbuzi kwa miaka mingi.

Sasa ninaishi Katesh, nyumba ya bati na geti la chuma. Alasiri zetu ni jua na vumbi, ukungu nauona kwa mbali tu, mlima Hanang umeuvaa kama kofia. Watoto wa mtaani wananipita wakichezea simu, mmoja akijitahidi sana anasema "mambo". Bibi tulimzika zamani. Mwezi uliopita binti yangu alitoka kwa rafiki yake na mtoto wa mbwa kwenye boksi lililo wazi, na mimi, mwalimu mzima, niliona aibu kumweleza mambo ya kanga. Siku ya tatu, saa kumi, yule mbwa aliacha chakula, akaenda getini, akaanza kutikisa mkia. Nje hapakuwa na mtu. Nilimuuliza binti yangu kama siku ile njiani alimpita mtu mzima bila kumsalimia. Akatazama chini. "Bibi mmoja tu, Mama. Alikuwa amekaa pale kwenye kona."

Sikumuuliza bibi huyo alivaa nini. Nilimshika mkono, tukaenda getini, na mimi ndiye niliyetangulia kusema shikamoo.