Dalali wa Nyundo ya Kuazima

Dalali wetu hakagui chumba kwanza. Anapanda ngazi polepole, mkoba kwapani, na kila mlango anautazama chini, aone zulia la kufutia miguu limechakaa kiasi gani. Kisha anapiga hodi kwa jirani yeyote na kuomba nyundo. Akijibiwa "sijui, muulize mwingine," anageuka palepale: "Tushukeni, wanangu. Hapa watu hawajafungua hata mabegi." Akiambiwa nyundo iko kwa mama fulani wa juu, anafurahi kama mtoto aliyepewa pipi. "Wanaojua nyundo ilipo hawahami," ananong'ona, utadhani kuta zina masikio.

Sisi tulikuwa tumehama mara tatu ndani ya miaka miwili, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Jengo la sita lilikuwa limebambuka rangi, nikaguna. Mke wangu yeye aliinama kwa shida, akamwokotea mzee mmoja kitunguu kilichomdondoka mlangoni pake. Dalali akamtazama mke wangu, hata nyundo asiiulizie. Nikauliza mimi.

"Shikamoo, mzee. Samahani, una nyundo?"

"Marahaba. Nyundo si anayo huyo uliyekuja naye?" Mzee akamnyooshea kidole dalali, kisha mlango wa pili. "Kaiazima juzi, kaingia nayo kwake hapo."

Dalali akaziba mdomo kwa kishada cha funguo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Mnisamehe kwa kuwazungusha," akasema. "Jirani yangu namchagua mwenyewe."