Sanda ya Bi Mkubwa

Gari la dizeli lilimtangulia fundi mapazia katika nyumba ile. Mumewe alilinunua kabla hajaoa, ndiyo maana akaliita Bi Mkubwa. Mwaka wa kwanza mzaha huo ulimchekesha mkewe. Sasa watoto wameota ndevu na mzaha ni uleule, ila Bi Mkubwa mwenyewe kazeeka, anakohoa moshi mweusi na kuchemka kila penye kilima.

Makanika alishasema wazi: rejeta imeziba, na injini ikizidi kuchemka, gasketi itaungua na kichwa cha injini kitapinda. Mume alimsikiliza kwa adabu zote, akarudi nyumbani akakata waya wa geji ya joto. Eti ule mshale ulikuwa unampandisha presha. Sikio la kufa halisikii dawa. Mkewe alipohoji, akaambiwa atulie, dawa ni kuwasha hita ili joto lihamie ndani. Basi ndivyo walivyosafiri, jua la mchana kali, hita imewashwa, na fundi wa watu anatokota kama maharage.

Siku hiyo walikuwa wanapeleka mapazia ya ukumbi wa shule, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mwalimu mkuu aliyataka yatundikwe kabla wazazi hawajafika, na akaahidi kwamba yakipendeza, madirisha ya shule nzima ni yake. Katikati ya kilima injini ikaishiwa nguvu, mvuke ukatanda. Mume akashuka na dumu la maji, akafungua boneti, akashika kifuniko cha rejeta. Mkewe akamfuata mbio.

"Acha ipoe, baba watoto."

"Tutachelewa. Nalijua gari langu."

Alikuwa ameshaanza kukizungusha. Fundi akavuta kupitia dirisha la mbele pazia la juu kabisa, lile la jukwaani, akalitupa juu ya rejeta na kumvuta mume kwa ukosi wa shati. Kifuniko kikaruka, maji ya kutu yakafoka chini ya kitambaa. Mume alibabuka kiganja tu, macho yake yote mawili salama. Fundi akakaa kando ya barabara akalia kwa hasira, maana hakuwahi kuogopa vile maishani.

Mapazia yaliyobaki yalifika kwa gari la kukodi, wazazi wameshaketi, jukwaa likabaki uchi. Madirisha akapewa fundi mwingine.

Gari likavutwa hadi nyumbani, na mume akaanza kuulizia gasketi ya mtumba badala ya ile iliyoungua. Mkewe alilifua lile pazia, kutu ikagoma kutoka, akaketi kwenye cherehani. Asubuhi moja mume akatoka na ufunguo mkononi, akamkuta Bi Mkubwa amefunikwa pazia la jukwaani kuanzia pua hadi mkia, limeshonwa likambana pande zote, nyuzi za dhahabu zikigusa matairi. Akalizunguka taratibu, kisha akakiri kuwa funiko limemkaa vizuri.

"Hiyo ni sanda," mkewe akasema. "Mimi mke mdogo nimeshashona. Kuzika ni juu yako."