Kidole Kimoja kwa Watu Tisa

Siku moja naikumbuka kwa kidole kuliko kwa kichwa, mwanangu. Nikikitazama hiki kidole gumba changu cha kulia, chenye kovu la panga lililokipasua toka upande hadi upande, yote yananirudia. Nimesikia wamekuchagua uandike barua ya kuomba fedha za njia ya miguu pale karibu na shule. Hongera. Sasa kaa unisikilize kabla hujashika kalamu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa kijana wa hapa Buteba niliyemaliza darasa la nane, na kwa ule mwandiko wangu mzuri nilijiona siko mbali sana na mkuu wa wilaya. Barabara ya Tororo kwenda Busia ilipita kwetu, na kwenye mto kulikuwa na daraja jembamba la kupita lori moja tu. Mtu wa miguu hakuwekewa mahali pake. Wanawake wa sokoni walisimama na mizigo kichwani, wakatega sikio, na wasiposikia lori wakakimbia kuvuka. Mdogo wangu Nekesa alivuka hapo kila siku ya soko akipeleka muhogo Busia. Mama yetu hakutulia mpaka amsikie anarudi, maana Nekesa alikuja akiimba, na sauti yake ilitangulia kufika kabla yake.

Basi halmashauri ya wilaya kule Tororo ikatangaza ruzuku, yaani fedha unazopewa usizorudisha, kwa vijiji vinavyotaka kujenga vitu vidogo vya barabarani. Sisi tulitaka njia ya kando ya barabara na daraja la mbao la watu wa miguu. Masharti yalikuwa mawili. Kazi ya kuchimba tuifanye wenyewe, na kila mwenye shamba linalopakana na barabara akubali kutoa hatua mbili za ardhi yake, aweke kidole chake kwenye karatasi. Wenye mashamba walikuwa kumi na mmoja. Karatasi ifike Tororo kabla ya Ijumaa.

Kamati ikanifanya karani. Mwenyekiti wetu, Mzee Okware, mtu mpole wa kabila la Wateso asiyependa maneno mengi, aliniambia, "Kijana, hii si kazi ya meza. Nenda nyumba kwa nyumba. Ukipata vidole vitano vya kweli, peleka hivyo vitano, tutaeleza."

Nilikwenda. Nyumba ya kwanza nikapewa kiti, nikapewa uji, nikasimuliwa jinsi babu yao alivyopanda ule mstari wa mpaka na nani aliwahi kuusogeza. Jua likaenda. Nyumba ya pili vilevile, tena huko waliniuliza habari za ng'ombe wetu mmoja mmoja. Siku mbili, vidole viwili! Nikaona hawa watu wananichelewesha, na mimi ndiye msomi. Jumatano mvua ikanyesha, nikakaa jikoni kwa mama na pedi ya wino, nikakibonyeza kidole changu mara tisa mbele ya majina tisa. Kila mara nilikigeuza kidogo ili visifanane. Nikajiona mjanja kweli. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini nani anamsikiliza mzee wakati wino bado haujakauka?

Nikapanda baiskeli mpaka Tororo, nikaikabidhi karatasi. Safi, bila doa. Mzee Okware aliponiuliza, nikamwambia vyote vimepatikana. Akanitazama, akasema, "Haya."

Wiki iliyofuata afisa wa halmashauri akaja mwenyewe, akatukusanya pale darajani, akaanza kuita majina. Alipomwita Mama Apio, yule mjane mwenye shamba lililo karibu kabisa na mto, yeye akasimama na jembe lake.

"Hii shamba ni yangu," akasema. "Nani alikuja kuniuliza?"

Afisa akamwonyesha karatasi. Mama Apio akaiangalia, halafu akaniangalia mimi.

"Wewe Wandera, mimi napita hapa na kuni kila siku. Ungekuja, ningekupa uji na ningekupa hiyo ardhi. Sasa unanifanya kama nilishakufa?"

Afisa hakupandisha sauti. Aliushika mkono wangu, akakitazama kidole, akaitazama karatasi. Mstari mweupe wa kovu ulipita katikati ya alama zote tisa. Akauliza, "Watu tisa wote walikatwa na panga moja?" Akaikunja karatasi. Ruzuku ya mwaka ule ikaenda kwa watu wa kijiji cha Mwello, ambao karatasi yao, nilisikia, ilikuwa na madoa ya uji. Sisi tukaambiwa turudi mwaka ujao.

Mzee Okware hakunipiga wala kunitukana. Alinipeleka nyumba zote tisa, yeye mbele mimi nyuma, nikaomba radhi kila mlango. Na unajua nini, mwanangu? Wote tisa walikubali. Hata mmoja hakukataa! Iliniuma kuliko fimbo.

Miezi minne baadaye, lori la saruji lilimkuta Nekesa katikati ya daraja. Hakufa, Mungu ashukuriwe. Alilala hospitali miezi miwili, akatoka na mguu uliopinda na fimbo mkononi. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye ambaye sikusikia, lakini guu lililovunjika halikuwa langu.

Mwaka uliofuata tulipewa. Tulichimba wote, Mama Apio akatoa hatua tatu badala ya mbili. Siku daraja la mbao lilipokamilika, Nekesa alivuka polepole, akarudi, akasimama karibu nami.

"Ni zuri, kaka," akasema. "Limechelewa tu."

Hakulisema neno hilo tena mpaka leo. Alirudi kwenye biashara yake ya muhogo, lakini kuimba njiani aliacha. Mama alizeeka akitega sikio kwa mlio wa fimbo.

Kwa hiyo, mwanangu, barua yako iandike mwisho. Kwanza piga hodi. Kunywa uji wa watu, hata kama umeshiba, na hadithi ya mpaka isikilize mpaka iishe, maana ukiisikia ndipo mwenye shamba anapojua umemheshimu. Anayekataa, mwandike kwamba amekataa. Anayetoa ruzuku anaweza kusamehe karatasi yenye mapengo, lakini ya uongo itawafungia mlango hata wenzako ambao hawajui ulichoandika. Na usiseme siku hazitoshi. Mimi niliokoa siku tisa, nikamvunjia dada yangu mguu.

Nenda sasa. Mungu akupe miguu isiyochoka kubisha na mdomo usioona haya kuuliza. Njia yenu ijengwe mapema. Na wale unaowapenda wavuke salama, warudi wakiimba.